Dawa ya Mgongo

Panya weupe kumi na wawili, wote wenye mimba, walinyweshwa dawa ya mgongo anayoichemsha mama yangu kwa siku kumi. Watoto wao wakazaliwa wafu. Niliyewanywesha ni mimi, katika maabara moja Dar es Salaam. Nilipomaliza kuandika matokeo nikakata tiketi ya basi la Tunduma, maana nyumbani Ndalambo binamu yangu Ruti alikuwa na mimba ya miezi sita na dawa hiyo hiyo aliinywa kila siku.

Nilimkuta Mama anachemsha mizizi, nikamweleza habari za panya.

"Hao panya walikuwa wanaumwa migongo?"

"Hapana, Mama."

"Basi umempa dawa asiyeumwa. Ukininywesha kwinini na sina malaria, si nitaanguka?"

Ruti akacheka, akanywa kikombe chake mbele yangu. Nilikasirika.

Jumapili nikamwomba mzee wa kanisa, Ezron, anipe dakika mbili kwenye matangazo. Nikasema wazi: dawa ya mgongo imejaribiwa kwa panya, imeua watoto wao, wajawazito waiache. Watu walisikiliza kwa makini sana. Mavuno yalikuwa yameingia na panya walikuwa wanayamaliza mahindi ghalani.

Jumatatu asubuhi uani kulikuwa na foleni ya watu na makopo.

"Shikamoo Mama," alisema wa kwanza, jirani yetu Amoni. "Hiyo dawa ya panya inachanganywa na dagaa au unga?"

Mama akajibu kwamba hana dawa ya panya. Amoni akamwomba asiwe mchoyo, mwanawe mwenyewe kaitangaza kanisani.

Ruti alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Akakitazama, akakimwaga. Kitaalamu, kuiogopa kama sumu ya panya kulikuwa upuuzi mtupu, nami nilifurahi kupita kiasi.

Foleni ilipotawanyika nilisubiri matusi. Mama akakaa kwenye kigoda.

"Wale panya walikunywa siku ngapi?"

"Kumi."

"Mimi niliinywa katika mimba tatu. Zote nilizika. Mimba yako ilinikuta Zambia, mizizi ikakosekana."

Akaanza kuwataja wanawake aliowahi kuwapa, mmoja mmoja. Wengi aliwataja kwa majina yao ya usichana, kwa kuwa hawakuwahi kuitwa mama fulani.