Kitako cha Jicho la Kushoto

Wiki kumi na moja baada ya bunduki niliyomtengenezea kumpasukia usoni, Burlaye Diakite alikuja tena kwenye kibanda changu cha uhunzi. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kwenye jicho la kulia, na kwapani amebana kitu kilichoviringishwa katika shati lake la uwindaji. Watu wanne walikuwa wamekaa wakisubiri majembe yao. Wote wakageuka kumtazama.

"Wewe mtumwa wangu, mla kunde!" akaniita kwa sauti ya juu. "Jicho moja umeshalila. Nikuletee na la pili, au umeshiba?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye ni Mfulani wa nchi ya Wasulu, mimi ni Moriba Ballo, mhunzi mwana wa wahunzi, na kwetu Mfulani na mhunzi ni watani tangu enzi za mababu. Hawawekeani kinyongo. Nikamjibu inavyotakiwa: "Macho ya wanywa maziwa hayana hata chumvi. Lete hilo la pili, pengine lina ladha."

Wakacheka tena. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Kuna jambo nililokuwa nalijua peke yangu. Burlaye alikuwa ameniagiza mtutu wa bomba la usukani wa lori, chuma kisicho na mshono. Msimu ule nililikosa bomba la lori, na wawindaji walikuwa wamenikalia kooni, kila mtu anataka bunduki yake kabla ya nyasi kuchomwa. Nikachukua bomba la maji. Bomba la maji lina mshono kutoka juu hadi chini, na kwenye lile lake niliona mahali mshono ulipoachia, upana wa unywele, karibu kabisa na pale baruti inapokaa. Nikaugonga kwa nyundo, nikaupitisha tupa, kisha nikauchoma mtutu mzima ukawa mweusi. Ukishakuwa mweusi huoni kitu. Ulishika miezi saba.

Burlaye alifungua lile shati. Ndani mlikuwa na kitako cha bunduki, cha mninga, alichoachiwa na baba yake. Mtutu ulipopasuka kitako kilipona, kikabaki na ufa mmoja shingoni.

"Niwekee mtutu mpya," akasema. "Na hiki unigeuzie. Sasa nitapiga kwa bega la kushoto."

Kazi ya namna hiyo haina haraka. Kitako cha mtu wa bega la kulia hupindishwa kidogo kwenda kulia, ili shavu likishalala juu yake, jicho lije lenyewe kwenye mstari wa mtutu bila kulitafuta. Kumgeuzia mtu wa kushoto ni kuuondoa mti ulikokuwa na kuuweka ambako haukuwa. Nilimpima kutoka kwenye kiwiko hadi kidole cha shahada. Alikuwa amekonda, nikakata vidole viwili nyuma. Upande wa kulia nilipachonga kwa tezo, nikapafanya bonde la kulaza shavu. Upande wa kushoto nikaongeza kipande cha mninga kwa gundi na vijiti. Ule ufa nikauzungushia ngozi mbichi ya mbuzi, ambayo ikikauka hukaza kuliko waya. Mtutu mpya ulikuwa wa lori. Na kwa kuwa fataki ya kuwashia baruti ingewaka kulia, usoni pake kabisa, nikapigilia kibati kidogo cha kuzuia cheche.

Akaja kujaribu. Niliutia mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, mtutuni kwa mkono wangu kuhakikisha kwamba ni mtupu. Nikaweka kibuyu kilichopakwa chokaa juu ya kichuguu, hatua arobaini hivi, kisha nikamwambia alenge.

"Shavu liko juu," akasema. "Punguza."

Nikapunguza. Kesho yake akaja tena, akalenga. "Bado liko juu, we mchonga vinu. Punguza."

Nikapunguza. Siku ya tatu akasema vilevile. Hapo nikaenda kusimama mbele yake, maana ndivyo mhunzi anavyokagua kitako: unamtazama mlengaji kutoka mbele uone jicho lake limekaa wapi. Jicho la Burlaye lilikuwa limekaa juu ya mtutu sawasawa, kama limechorwa. Ningepunguza hata unene wa ukucha, lingezama. Lakini lilikuwa jekundu, linatoa machozi, na ile mboni nyeusi ilikuwa imeingia ukungu wa rangi ya maji ya mchele.

Nilijifanya kukwangua kwa kisu mara mbili tatu bila kutoa hata unga. Nikamrudishia. Alipokuwa akijiweka sawa, nikaenda pole pole mpaka kwenye kichuguu, nikakiondoa kibuyu, nikakiweka chini nyuma yangu.

Burlaye alilaza shavu. Akalenga pale kwenye kichuguu kitupu, akatulia muda mrefu.

"Enhee," akasema. "Sasa ndiyo. Sasa kinaniangalia."

"Burlaye," nikasema. "Kibuyu nimekitoa."

Hakushusha bunduki. Alibaki vilevile mpaka mikono ikachoka, ndipo akakaa chini kando ya ukuta wa kibanda, nami nikarudi kwake.

"Lilianza mwezi uliopita," akasema. "Kwanza jua likawa linauma. Halafu nyuso za watu zikaanza kuyeyuka. Nimekwenda kwa daktari. Anasema jicho likiumia vile hulivuta na la pili. Anasema lile bovu lingetolewa mapema, huenda hili lingepona. Mimi nilikataa lisitolewe. Nani anataka kutolewa jicho?"

"Sitan anajua?" Sitan ni mke wake.

"Hajui mtu. Nilidhani kitako kikikaa vizuri, bunduki itaniongoza." Akafuta machozi ambayo hayakuwa ya kilio. "Si kosa lako, mtumwa wangu. Chuma ni chuma."

Angenitukana ningenyamaza, nadhani, hadi leo. Nikamwambia yote: bomba la maji, mshono, nyundo, tupa, moto.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akauliza, "Ulipokuwa unaupitisha tupa, ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua ni bunduki yangu? Si ya mtu mwingine?"

"Nilijua ni yako."

Mtu mwingine angenipiga. Yeye alipapasa ukuta, akasimama. "Ballo," akaniita, kwa jina la ukoo, kama unavyomwita mgeni unayemheshimu. "Maliza kazi. Siku ya kuijaribu, utapiga wewe kwanza, uso wako pale uliponichongea mimi."

Nilisugua kitako kile kwa majani ya msasa siku mbili, kikawa laini kama kisigino cha mtoto. Nikakipaka mafuta ya shea ya moto, nikakitundika juu ya moshi, nikapaka tena, siku tano mfululizo, mpaka mninga ukatoa wekundu wake wote. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na nilikuwa naichukia kila nikiishika.

Siku ilipofika Burlaye aliletwa na Sitan, amemshika mkono. Huyo mwanamke sasa alikuwa anajua juu ya jicho, ila juu ya bomba hakuambiwa. Nikashindilia baruti. "Ongeza," Burlaye akasema. Masikio yalikuwa yanamtosha kujua kiasi. Nikaongeza. "Ongeza." Ilikuwa mara mbili ya kawaida. Kwa desturi mtutu mpya hufungwa kwenye mti, na kifyatulio kikavutwa kwa kamba kutoka mbali. Mimi nikaubeba kwenye bega la kushoto, nikalaza shavu kwenye bonde lisilo langu. Mkojo ulinitoka kidogo kabla sijafyatua. Sitan aliona.

Mtutu ulishika. Kitako kilinipiga mfupa wa shavu, nikaona nyota, damu ikanijaa mdomoni. Burlaye akanyoosha mkono, akapokea bunduki, akaipapasa mpaka mwisho. "Imekaa vizuri," akasema. Wakaondoka.

Mvua za kwanza zilimkuta haoni kabisa. Kwenye arusi na mazishi watu walitusubiri tutaniane, yeye akawa ananiamkia tu kwa adabu na kupita. Mitutu nimeacha kutengeneza. Wawindaji wanakwenda kwa mhunzi wa ng'ambo ya mto Sankarani.

Mwezi uliopita Sitan alikuja kuchukua jembe, maana sasa shamba ni lake peke yake. Alikaa kwenye kigogo cha mlangoni.

"Kila asubuhi anaiteremsha ile bunduki," akasema. "Anaiweka begani, anaielekeza porini, anakaa hivyo mpaka mkono uchoke. Sijamwona akikukasirikia, wala sijamsikia akikutania tena. Ulimfanya nini mume wangu?"

Nikamweleza kama nilivyomweleza Burlaye, bila kupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Kisha akainuka, akaliegemeza lile jembe ukutani taratibu, akaenda zake mikono mitupu. Mvua ya mwaka huu ilikuwa imekwisha kunyesha mara mbili, na wenzake wote walikuwa wanalima.