Jino Lililoruka

Jino likiruka, mguu haunyanyuki. Hiyo ndiyo sheria ya chumba hiki, na niliitunga mimi mwenyewe baada ya fundi mmoja kukanyaga taya la mjusi na kuliacha unga. Asiyeitaka, mlango ule pale.

Kazi yangu ni visukuku vidogo, mabaki ya wanyama wa kale yaliyogeuka jiwe. Watu wakisikia visukuku wanawaza mifupa mikubwa kama magogo; yangu mimi inakaa juu ya ukucha. Udongo wa pangoni unachekechwa kwa maji, unaanikwa, halafu nakaa peke yangu na hadubini, natenga chembe moja moja kwa brashi: hii jiwe, hii jiwe, hii jiwe, hili jino. Nalisafisha kwa ncha ya sindano, natambua ni la mnyama gani, nalitia kwenye kichupa. Siku nzima hakuna wa kuniuliza kama nimekula.

Nyumbani alikuwapo mdogo wangu. Tulikaa wote tangu alipofiwa na mumewe, vyumba viwili, tukigombania redio na kulaumiana nani kamaliza sukari. Kisha akaniambia anaolewa, mji wa mbali, na bwana mmoja mwenye meno ya bandia. Nikanuna. Na kununa nina kipaji. Tukawa tunapishana jikoni kama wapangaji, ujumbe tunapeana kupitia kwa jirani. Asubuhi ya safari yake nilitoka bila hata kumtazama, nikafika kazini moyo umenijaa. Nilitaka kumwambia jambo moja tu: nenda salama, nimefurahi kwa ajili yako, ila naogopa kubaki. Nikapanga kutoka mapema nimuwahi stendi.

Basi mchana nilikuwa na jino la popo kwenye kibano. Popo wa kwanza kutoka pango lile. Hatukuwa hata na mfupa wake mmoja. Simu ikatetemeka mezani: "Napita hapo kukuaga." Mkono ukashtuka, nikabana sana, jino likaruka.

"Mungu wangu!"

Nikazima feni, nikatia simu mfukoni, nikapiga magoti palepale. Jino dogo kama chembe ya chumvi, na sakafu yote ile kati yangu na mlango. Nikaanza kufagia kwa brashi, kigae kwa kigae. Vumbi nalikusanya kwenye karatasi nyeupe, nalikagua, nasogea.

Mlango ukagongwa.

"Dada, ni mimi."

"Usiingie! Jino limeruka!"

Nikamsikia akicheka puani. "Hata leo?"

"Ni la popo."

"Shikamoo popo," akasema. "Dada, gari linaningoja nje. Fungua nikuone."

"Nakuja. Ngoja nimalize hapa katikati."

"Si uruke tu?"

"Nikilikanyaga je?"

"Na mimi je?"

Kuruka ningeweza, mlango haukuwa mbali. Lakini kusema kweli, kuongea na mlango kulikuwa rahisi kuliko kumtazama usoni. Nikainama zaidi. Jenereta la jengo la jirani likaanza kunguruma, ikabidi nipaze sauti.

"Unanisikia? Yule bwana wako sina ubaya naye. Yale ya meno nilisema kwa hasira tu. Mimi ndiye mwenye roho mbaya. Sasa nikirudi nyumbani nitaongea na nani? Nitamgombeza nani? Ndiyo maana nilinuna, hakuna kingine. Nenda, mdogo wangu. Nisamehe. Nitakuja kukuona, na huyo bwana nitamsalimia vizuri."

Nililia. Machozi yakadondoka kwenye karatasi, nikayapangusa haraka yasije yakalowesha vumbi. Na hapo, kwenye ufa wa kigae cha mwisho, chini kabisa ya mlango, nikaliona: jeusi, linang'aa, ncha zake zote nzima. Nikalinasa kwa kidole nilichokilowesha mate.

"Nimelipata! Nimelipata, mdogo wangu!"

Nikafungua mlango kwa mkono wa kushoto. Hakuna mtu.

Mlinzi alikuwa kwenye stuli yake, mwisho wa korido.

"Yule mama yuko wapi?" nikamuuliza.

"Ameondoka zamani, hata jenereta lilikuwa halijawashwa. Nilimwambia nikuitie, akakataa. Akasema usisumbuliwe, una kazi."

"Alikuwa amekasirika?"

Mlinzi akafikiri kidogo. "Hata sijui. Alivua viatu pale mlangoni kwako, akasimama navyo mkononi, kama mtu anayengoja kuingia. Mwisho akavivaa, akaenda."

Nikajaribu kumpigia kwa mkono ule mmoja. Simu ikaita weee mpaka ikakatika. Mlinzi akaniuliza kama kidole kinaniuma, mbona nimekiinua hivyo. Nikamwambia hapana. Kisha nikarudi ndani kulitia jino kwenye kichupa, kabla halijaanguka tena.