Maiti Waliogeuka Dirishani

Siku ya tatu baada ya mapigano ya Tuyutí, katika vita vya Uruguay na wenzake dhidi ya Paraguay, Fermín Larrauri, mpiga picha wa Montevideo, alikuwa hemani mwake akimwagia dawa kioo cha kupigia picha. Kapteni Bustos akachungulia.

"Leo piga picha za maiti, Don Fermín. Wa Paraguay tu. Wetu hawapigwi."

"Wa Paraguay wameshachomwa moto, kapteni."

"Basi wavue wetu makoti. Maiti asiye na koti hana nchi."

Fermín akawavua makoti askari tisa wa Uruguay, akawalaza kifudifudi, akapiga picha.

Aliporudi Montevideo, picha ilitundikwa dirishani mwa studio yake, chini imeandikwa "Maadui Waliouawa". Wiki hiyohiyo maiti wakaanza kugeuka, taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani. Ijumaa yalionekana masikio. Jumatatu nyuso zote tisa zilitazama mtaani. Wapita njia walisimama kidogo, wakaendelea na hamsini zao. Fermín akakagua kioo chenyewe alichopigia picha. Humo pia walikuwa wamegeuka.

Jumatano akaingia Jacinta, mfua nguo, mikono imekunjamana kwa maji.

"Yule wa tatu ni mwanangu Celedonio."

"Ndiye, mama."

"Jeshi limebandika jina lake kanisani, eti mtoro. Atoroke aende wapi na tundu lile shingoni?"

Fermín hakuweza kumtazama. Alichukua picha, wakaenda wote ofisi ya jeshi. Karani akamtazama Celedonio, Celedonio akamtazama karani.

"Huyu wetu kabisa," karani akasema. "Tulikuwa tukicheza naye karata. Lakini picha inasema adui, orodha inasema mtoro. Nikigusa moja, zote zitaniangukia."

"Maneno ya picha niliandika mimi. Nitayafuta."

"Futa. Na makoti alivua nani?"

Jacinta ndiye aliyeichukua picha mezani, akatoka nayo.

Picha ikarudi dirishani, na maneno yaleyale chini. Kila akimaliza kufua, Jacinta alikuja kumpa mwanawe habari za nyumbani: dada kaposwa, mbuzi kazaa. Celedonio alisikiliza. Siku ya mbuzi alitabasamu kidogo. Kanisani, jina lilibaki palepale.

Agosti ikaja barua ya jeshi: kuna mapigano mengine, Don Fermín arudi, na safari hii aje na kamba za kufungia vichwa vya maiti, visigeuke.

Aliisoma mara mbili. Akamtolea Jacinta kiti akae, kisha akaenda kununua kamba.