Fundisho Alilolifuta Somo Hidaya

Mwaka ule reli ya Mdachi ilipofika Morogoro, Mwaisha alikuwa mfua nguo. Kutwa alisimama mtoni, maji yakimfika mapajani, akipiga nguo za mafundi wa reli juu ya mawe, na jioni akarudi nyumbani na kaniki ile ile iliyolowa ikimkaukia mwilini. Kazi yake ilisifiwa mji mzima. Ugonjwa wake hakuujua mtu ila mumewe, Mwinjuma, naye aliujua nusu.

Ulikuwa muwasho wa sirini. Ulimjia na uchafu mweupe, mzito kama tui lililoganda, ukamwasha hata akashindwa kuketi na wenzake. Ulikaa siku kadhaa, ukapungua, akamshukuru Mungu. Mwezi mwingine haujaandama, ukarudi. Miaka miwili ikapita hivyo. Mwaisha alifanya kama alivyofundwa na somo wake alipokuwa mwari: alijiosha mpaka ndani kwa maji ya ndimu na sabuni ya majivu, asubuhi na jioni. Muwasho ulipozidi, naye akazidisha ndimu. Mganga mmoja wa mjini akampa shabu, lile jiwe jeupe kali la kukausha, ajipake. Siku hiyo hata kutembea alishindwa.

Wifi yake, Mosi, aliona jinsi anavyomkwepa mumewe, akamwambia kaka yake: "Mke anayemkimbia mumewe ana pengine anapokimbilia."

Usiku ule Mwinjuma alihamishia mkeka wake barazani. Mwaisha alivumilia siku tatu. Siku ya nne asubuhi, kabla mumewe hajaenda kazini, alimfuata pale pale barazani.

"Baba, sikukimbii wewe. Naumwa," akasema, akamweleza yote, macho chini.

Mwinjuma alimsikiliza mpaka mwisho. "Mbona ulinificha?"

"Niliona haya."

"Haya haijamponya mtu. Nenda Mkuyuni kwa somo wako. Nguo za watu nitazirudisha mimi, na Mosi nitasema naye mimi."

Mwaisha aliingia ndani akalia kidogo, kwa faraja. Kesho yake alifunga kibindo cha mihogo mikavu akashika njia ya milimani. Alilala Kiroka kwa shangazi yake, na siku ya pili, jua likiwa la utosi, alifika Mkuyuni.

Somo Hidaya alikuwa mkunga wa kata yote ile, mwanamke mkali wa maneno machache. Wanawake walimwogopa kuliko akida wa serikali. Alikuwa uani akipukuchua maharage.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwari wangu. Umekonda. Kaa."

Mwaisha alieleza. Somo alisikiliza huku mikono ikifanya kazi, akauliza hili na lile: uchafu una harufu? Tumbo la chini linauma? Damu je? Vyote Mwaisha alikana. Mwisho somo akauliza: "Nawe unajiosha kwa kitu gani?"

"Kwa ndimu na sabuni ya majivu, mpaka ndani. Kama ulivyonifunda."

Mikono ya Hidaya ikasimama. Akatazama maganda ya maharage miguuni pake.

"Mwaka nilipougua homa kubwa," akasema, "siku arobaini sikuweza kushika hata kata ya maji. Mtoto wa dada yangu alikuwa akinipangusa juu juu kwa maji matupu. Nilipoinuka kitandani, muwasho nilioishi nao tangu ujana wangu haukuwapo. Nikarudia ndimu, ukarudi. Nikaiacha, ukaondoka. Nikajua."

"Ulijua, somo?"

"Nilijua. Na bado kila mwaka nimewafunda wari ndimu ile ile. Niliona haya kusema kwamba nilichofundwa na mama yangu kilikuwa kosa. Nisamehe, mwanangu."

Hasira zilimpanda Mwaisha. Miaka miwili! Alitaka kuinuka aende zake. Lakini katika maisha yake hakupata kumwona mkubwa yeyote akimwomba radhi mdogo. Akabaki ameketi.

"Nifanye nini, somo?"

"Ndani usitie maji wala dawa, huko kunajisafisha kwenyewe. Nje osha kwa maji matupu, ujikaushe vizuri. Pakiwasha, paka mafuta ya nazi kidogo. Nguo mbichi usikae nayo hata kidogo. Nenda mtoni na kaniki ya pili. Asali na miwa punguza. Ukipata maziwa ya mgando, kunywa; mimi yamenifaa. Na ukiona harufu, au damu, au homa, usije kwangu. Huo ni ugonjwa mwingine, tafuta wanaoujua."

Mwaisha alikaa kwa somo siku kumi. Siku za kwanza alijiona mchafu kwa kukosa ndimu, mkono ukawa unaitafuta wenyewe. Siku ya sita aliamka, akatoka kwenda kuchuma mboga, akafika nusu ya shamba ndipo alipotambua kwamba hawashwi. Alisimama katikati ya majani ya maboga akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti, peke yake.

Aliporudi Morogoro, Mwinjuma alikuwa amemtengenezea jukwaa la magogo kando ya mto, afulie juu pasipo kuingia majini. Mkeka ulikuwa umesharudi ndani. Maziwa ya mgando aliyapata kwa Wakwavi, wale wafugaji wa ng'ombe, waliokuja kuuza mjini. Muwasho ulimrudia mara moja, aliposhika mimba, ukawa mwepesi, ukapita.

Baada ya mavuno aliitwa Mkuyuni kwenye unyago. Mbele ya wari saba na mama zao, somo Hidaya alisimama.

"Lile la ndimu nililowafunda nyinyi mama zao, nalifuta," akasema. "Lilikuwa kosa, nami nililijua. Aliyeumia ndiye atakayewaeleza. Mwaisha, simama."

Minong'ono ikazagaa. Bibi mmoja akaguna kwamba siku hizi hata mila zinafutwa kama vumbi. Mwaisha alisimama na tumbo lake kubwa, akawaeleza wari yote, hata ile shabu. Alipomaliza, mama watatu walimfuata pembeni, mmoja mmoja, kila mmoja na swali la chini chini.

Baadaye, wakiwa wawili uani, Mwaisha alimshika somo wake mikono yote miwili.

"Ahsante, somo."

"Aliyewasha moto hashukuriwi kwa kuuzima."

"Wengi huuwasha wakakimbia," Mwaisha akasema. "Wewe ulibaki."

Hidaya alicheka, jambo ambalo Mwaisha hakuwahi kuliona, akamwambia akae ale, maana mwenye mimba hasimami na njaa.