Paa Lisilong'aa

…na bado anauliza, Constantin, shefu wangu, kutoka chumba cha pili, raporo iko tayari ao bado, nami namjibu inakuja shefu, inakuja, ingawa ripoti imekwisha tangu asubuhi, imebaki kumtumia tu, kidole kiko juu ya kibonye na hakishuki, kwa sababu Mama Mukubwa Epiphanie amekaa hapa kwenye kiti cha wageni, viatu vyake vimejaa tope la njia ya Nyabiondo, na sasa hivi amesema neno, amelisema kwa raha kabisa huku akifungua kitenge anitolee viazi alivyonichemshia, mabati tulizika, amesema, yote, kule mu migomba… nami nilikuwa namwonyesha kazi yangu kwa majivuno, tazama Mama Mukubwa, hii ni picha iliyopigwa kutoka juu angani, na hili dirisha jeusi ndipo ninapoandika amri, naandika jina la picha, naandika mahali, naiambia kompyuta nipe rangi ya nukta hii moja tu, nayo inanijibu kwa namba tatu, nyekundu, kijani, buluu, zikiwa kubwa ni bati linang'aa, zikiwa ndogo ni udongo au majani, na penye bati pana watu, pasipo bati wamekimbia, basi, kanuni hiyo niliitunga mwenyewe, Constantin akanisifu mbele ya wote, mtoto wa hapa hapa, alisema, anaijua Masisi kuliko mashine, loo, afadhali angenyamaza… yeye Mama Mukubwa hakusifu, alisogea tu karibu na kioo, akashusha sauti kana kwamba wenye bunduki wako mlangoni.

"Iyi mashine yako inaonaka mpaka mu udongo?"

Nikasema hapana, inaona juu tu.

"Basi tulifanya muzuri," akasema, akacheka, na hapo ndipo akaeleza habari ya migomba, na mimi nikageuka kuitazama ripoti, kwa sababu kitongoji chao nilikipima jana, nukta baada ya nukta, 81, 74, 60, udongo, udongo, nikaandika kitupu, nikainuka nikanywa chai, niliinywa yote… na kesho malori ya msaada, ya maharage na maturubai, yanaifuata ripoti yangu, kwao yatapita bila hata kupunguza mwendo, asiyekuwepo na lake halipo, na Falone, binti yake, amejifungua juzi chini ya majani ya migomba, mvua hii, mtoto anakohoa, amenieleza hayo alipoingia, nikasema pole, pole sana, huku ripoti iko wazi mbele yangu… na ningekuwa mgeni ningejitetea, lakini si ni mimi niliyemshikia Papa, baba yangu, ngazi, miaka ile ya vita vingine, yeye juu anang'oa mabati, ananirushia misumari, nainyoosha kwa jiwe, naitia kwenye kopo la maziwa, maana kwetu nani anamwachia askari bati lake akiwa amepata nafasi ya kulishusha, tukayafunika udongo, tukapanda maharage juu yake, tukalala pale pale kwenye migomba, tukipika, tukigombana, watu kamili, na kutoka juu nani angetuona, nilijua, hilo ndilo linaloniuma, sikukosea kwa kutojua, nilijua kwa mikono yangu hii na sikuiuliza, mwacha asili ni mtumwa, na mimi nimekuwa mtumwa wa namba tatu na sifa za shefu, naona haya, Papa angekuwa hai ningemtazama vipi… na kule upande wa Kingi, ngoja, kule kunakong'aa, 231, 228, nilikofurahi nikaandika watu wapo, kama mabati bado yako juu basi hawakupata nafasi, walitoka mbio na nguo za mwilini, panang'aa kwa sababu hapana mtu, Mungu wangu, maharage nimeyapeleka kwenye nyumba tupu, au kwa hao wenye bunduki waliozivamia wakalala ndani, na wenye njaa nimeandika hawapo… nikisema, Constantin atavua miwani, atauliza na vile vitongoji vingine je, na kweli, vingine je, vyote nilivipima hivyo hivyo, itabidi malori yasimame, watanitoa kazini, mtoto wa hapa asiyejua hapa, watacheka hadi Goma, nikinyamaza hakuna atakayejua, hata Mama Mukubwa, atangoja kando ya njia, lori lipite, aseme labda kesho, hajazoea kumlaumu mtu, ndiyo alivyonilea… ananisogezea kiazi, kimepoa, ananyoosha kidole kwenye dirisha jeusi.

"Na izi ma nombre zinasema nini juu ya nyumba yangu?"

Zinasema ni udongo, nataka kumwambia, zinasema kamera haioni chini ya jani, lakini hazijasema lolote zenyewe, niliyesema ni mimi.

"Zinasema hauko, Mama Mukubwa. Mimi njo niliandika hivyo."

Anakitazama kiazi mkononi mwangu, ananitazama mimi, hana hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Sasa hii viazi, nani alichemsha?"

…na Constantin anaita tena, Wivine, raporo iko tayari ao bado, sauti ile ile, ukuta ule ule, kidole changu kiko pale pale juu ya kibonye, nakiondoa.

"Bado, shefu," nasema. "Haiko tayari."