Nyumba Iliyomheshimu Mkaguzi

Asubuhi ambayo mkaguzi wa ofisi ya misaada ya masomo alitarajiwa, Mama alikuwa akishona kola ya sare, beseni likikinga maji yaliyovuja kando ya cherehani. Hakuficha kitu. Binti yake, ambaye majirani walimwita Profesa kwa kumtania, alikuwa ameomba ufadhili wa shahada ya uzamili, na mkaguzi alikuja kuthibitisha kwamba kweli hawajiwezi. Asipothibitisha, Profesa angefutwa chuoni.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, baba, pita ndani."

Hapo nyumba ikajitengeneza. Paa likajiziba, kuta zikajipaka rangi ya maziwa, kigoda kikanenepa kikawa kochi, na taa ikawaka ingawa umeme ulikuwa umekatwa. Nyumba hiyo ilijengwa na bibi yake Mama, mwanamke ambaye hakuwahi kumkalisha mgeni mahali pabaya, nayo ilikuwa imerithi tabia yake.

"Kochi zuri," mkaguzi akasema, akiandika.

"Limekuja sasa hivi," Mama akaeleza. "Ukiondoka, nalo linaondoka."

"Nimekuelewa, mama. Lakini mimi naandika ninachokiona."

"Si uingie siku moja bila hodi?" Profesa akauliza.

"Dada, mimi si mwizi."

Alipotoka, maji yakarudi kudondoka. Mama akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Wewe nawe!" akaiambia nyumba. "Tuaibishe mara moja tu, mtoto asome."

Ombi likakataliwa, wakakata rufaa. Mkaguzi aliporudi kuisikiliza, nyumba ilitandika na zulia.

Nyumba ya jirani yao mwenye duka, yenye ghorofa mbili, ilikuwa na akili nyingine. Ilipomwona mkaguzi kwa mbali ilichuchumaa, ikapukutisha vigae vyake na kukohoa vumbi. Huko pia mkaguzi aliandika alichokiona, na mtoto wa mwenye duka akapata ufadhili wote.

Ziara ya tatu ilikuwa ya kufunga jalada. Mkaguzi akaketi, akatoa kalamu, kisha akaegemea na kufumba macho kidogo.

"Kwangu nikiingia," akasema, "hata mlango haunijali."

Profesa akammiminia chai. "Samahani, kaka. Ukaguzi usipokamilika, mwombaji hufanywaje?"

"Hafanywi lolote. Anaendelea na masomo hadi ukamilike."

Mama akasogeza bakuli la sukari.

"Basi, baba, haraka ya nini?"

Tangu siku hiyo mkaguzi alikuja kila jioni baada ya kazi, akabisha hodi kwa utaratibu, akakagua kochi. Profesa aliandika tasnifu yake chini ya ile taa, kwenye meza ndefu ambayo nyumba iliitoa bila kuombwa, na Mama alishona nguo zikiwa kavu. Mara nyingine watatu hao walicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Profesa alifaulu. Mtoto wa mwenye duka naye aliomba ufadhili tena, nyumba yao ikachuchumaa tena, akapewa.

"Sasa jalada la kwetu utalifunga?" Mama akamuuliza mkaguzi jioni moja.

"Nikilifunga watadai karo yote."

"Na huyu mwenzio anataka kuendelea na uzamivu."

Mkaguzi akamtazama Profesa, akatazama na kuta.

"Huo nao utahitaji ukaguzi wake," akasema. Akavua viatu, na nyumba ikamsogezea mto wa kuwekea miguu.