Betri Juu ya Ngazi Tatu

Fundi viatu alipanda ngazi ya kwanza kwa makalio, mgongo mbele, huku akiiburuta betri kwa mkono wa kulia. Betri ina kilo kumi na moja. Miguu yake, iliyolemaa tangu utotoni, ilifuata nyuma kama mizigo ya mtu mwingine.

Zamani kigari chake cha umeme, ambacho sasa kilimngoja chini ya ngazi, alikichaji nyumbani, waya ukipita chini ya mlango. Kampuni iliyomuuzia ikambadilishia tundu la betri, ikayaita maboresho, na tangu siku hiyo betri haikubali umeme mahali popote ila kituoni kwao, unakoacha iliyoisha ukapewa iliyojaa. Kituo nacho kilikuwa dirisha la barabarani. Mwezi uliopita kilihamia ndani ya duka la vioo, penye kiyoyozi, juu ya ngazi tatu.

Alipofika ya pili, binti wa kaunta alimwona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unipokee hii betri."

Binti alitazama kamera darini. "Nikitoka hapa naandikwa kosa. Nisamehe."

Ilikuwa saa tano na nusu. Hospitalini wagonjwa huonwa saa sita hadi saa saba, basi. Mkewe alipasuliwa juzi, na jana alimpigia kwa simu ya nesi: "Wanataka kunipasua tena. Njoo kesho, mume wangu. Sitaki kuamua peke yangu."

Mkono wake ulikuwa umeshagusa ngazi ya tatu aliposikia harufu ya manukato. Alikuwa meneja, kijana wa shati jeupe, kadi ikining'inia shingoni.

"Mzee, leo tuna wageni. Huwezi kukaa hapo."

"Sikai. Napanda."

Meneja alikunja uso, kisha ukamkunjuka ghafla. "Kumbe ni wewe! Si ndiwe tuliyekupa kigari?"

"Nilikinunua, mwanangu."

"Sawa, tuliyekuuzia. Vizuri sana. Hebu rudi chini."

"Nirudi chini?"

"Uanze upya. Wanataka kupiga picha unavyofika."

"Mke wangu yuko hospitali. Nibadilishie betri niende, nitarudi upige picha mpaka uchoke."

"Dakika mbili tu. Na mashine haitoi betri mpaka ikuone uso, si unajua? Ukiwa chini hapo haikuoni. Vijana wangu watakuinua." Akainama, akashusha sauti kana kwamba anamfanyia hisani. "Au unataka kujiinua mwenyewe?"

Fundi alishuka.

Wageni walifika saa sita kasoro dakika tano, watu wanne waliovaa kofia mpya za kampuni. Walinzi wawili wakamnyanyua fundi kwapani. "Tabasamu, mzee," mmoja akamnong'oneza, naye mwenyewe hakuwa akitabasamu. Wakampandisha, wakamshikilia mbele ya mashine kama fremu inayotafutiwa msumari. Mashine ikalia, mlango mdogo ukafunguka. Wageni wakapiga makofi.

"Sasa sema," meneja akaelekeza, "'Leo niko huru kwenda ninakotaka.'"

Akasema. Mvumo wa kiyoyozi uliharibu sauti. Akasema tena. Kivuli cha mlinzi kilimwangukia usoni. Mara ya tatu mgeni mkubwa alikuwa nje ya picha, akaletwa karibu, akamwekea fundi mkono begani, akiuegemeza kwa vidole viwili tu.

"Siku nyingine huwa anapandaje?" mgeni huyo akauliza.

"Huyu?" meneja akacheka. "Huyu ana moyo sana."

Mgeni akatikisa kichwa kwa kuguswa. Binti wa kaunta aliinamia karatasi zake, akazipanga, akazipangua, akazipanga tena.

Walipomalizana naye, baada ya picha na kila mgeni, saa saba kasoro robo, walinzi walimshusha na betri yake mpya. Aliifunga mwenyewe kwenye kigari, akazungusha mpini wa mwendo hadi mwisho. Barabara ya hospitali ina matuta saba. Aliyapita yote bila kupunguza mwendo.

Mlinzi wa hospitali alikuwa ameshashusha kizuizi.

"Saa saba na dakika kumi, mzee. Kesho."

"Tafadhali, kaka. Nimeitwa. Mke wangu hawezi kusaini kupasuliwa kabla sijafika."

Mlinzi alimwangalia, akapiga simu wodini. Alisikiliza, akajibu "haya" mara mbili, akakata.

"Wamemsubiri mpaka saa saba. Amesaini mwenyewe. Ameshaingizwa chumba cha upasuaji."

Nyuma ya fundi honi ikalia, kisha king'ora: gari la wagonjwa lilitaka kupita, na kigari kilikuwa katikati ya lango.

"Sogea, mzee!"

Alikamata mpini, akazungusha. Kigari hakikusogea. Kwenye kioo kidogo cha mbele, mfano wa kioo cha simu, palikuwa pameandikwa: *Safari yako ilikuwaje leo? Tupe nyota ili uendelee.*

Akagusa nyota moja.

Kioo kikafikiri kidogo, kikajibu: *Pole! Tueleze kwa nini. Herufi zisizozidi ishirini.*

King'ora kilikuwa kinamlilia kisogoni. Fundi viatu aliinamia kioo, akaanza kutafuta herufi ya kwanza kwa kidole chenye gundi kavu.